Nyumba ya Mawe ni ya Binti: Hotuba kwa Wenye Nyumba wa Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, mafundi, vijana, na jamaa mliovuka maji kutoka Pate na mliotoka Matondoni kuja kutusikiliza, ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumze juu ya thamani ya nyumba zetu za mawe. Mimi ni mtoto wa mji huu, na riziki yangu naipata kwa kukarabati nyumba hizo hizo, kwa hiyo mengi nitakayoyasema nimeyaona ukutani kabla sijayasoma popote.

Mji wetu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kabla ya hapo, mwaka 1986, serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kuutangaza mji wa kale kuwa eneo la hifadhi. Eneo lililoandikishwa ni dogo, hekta 15.6 tu. Humo ndani muna ngome, iliyokamilika mwaka 1821 na kuja kutumika kama jela mpaka miaka ya 1980, na muna misikiti. Lakini kilichoujaza mji, kilichoupa vichochoro vyake na kivuli chake, ni nyumba ya familia. Unguja wana majumba ya masultani ya kuwaonyesha wageni. Sisi tunaonyesha nyumba za watu. Urithi wa Lamu uko mikononi mwa watu binafsi, na wengi wenu mmekaa hapa mbele yangu.

Sasa niseme ninaloliamini, mulipime wenyewe. Tumezoea kuisifu nyumba ya mawe kwa mlango wake na nakshi zake. Hivyo ni vizuri, navipenda pia. Lakini nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya binti. Mpango wake wote, tangu barazani mpaka chumba cha mwisho, unaeleweka ukikumbuka kwamba mwenye nyumba ni mwanamke. Na nyumba nyingi ninazoitwa kuzitazama zikiwa zimekatwa vipande, zimefungwa kwa kufuli au ziko sokoni, matatizo yake yalianza pale familia ilipoacha kuzipitisha kwa mabinti.

Twendeni ndani ya nyumba, kwa maneno. Unatoka kichochoroni unaingia dakani, ukumbi wa mlangoni. Hapo pana baraza mbili za kukaa, na hapo ndipo mzee wa nyumba alipopokea watu, akaamua mambo, akanywa kahawa. Mgeni wa kawaida alikomea hapo. Mlango ukifunguliwa, huoni ndani. Unaingia tekani, na njia inapinda. Pindo hilo lilikusudiwa. Mpita njia hata mlango ukiwa wazi hawezi kuona kitu. Ukimaliza pindo unatokea kiwandani, uwanja ulio wazi juu, ambao ndio macho na pua ya nyumba: mwanga wote na hewa yote inaingilia hapo, kwa sababu kuta za nje karibu hazina madirisha.

Kutoka kiwandani unapanda kidaraja kimoja kuingia msana wa tini, yaani ukumbi mrefu wa chini. Unapanda kingine, msana wa yuu, ukumbi wa juu yake. Unapanda kingine, unaingia ndani. Kila hatua sakafu inapanda kidogo, mwanga unapungua, na idadi ya watu wenye ruhusa ya kufika hapo inapungua. Ndani ndicho chumba cha mwenye nyumba. Huko alikaa na watoto wake, alihifadhi vyake, na bibi arusi aliketishwa huko ili wanawake wamtazame. Nyuma yake kuna kile chumba kidogo tunachokiita nyumba ya kati, ambamo watoto wamezaliwa na maiti wameoshwa. Mtu angeweza kuanza maisha yake na kuyamaliza katika chumba kimoja.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Wageni huuliza kwa nini, na wengine hujibiwa kwamba ni mila. Sababu ni boriti. Dari ya nyumba ya mawe inabeba mawe na chokaa yenye uzito mkubwa, na mti wa mkoko hauvuki salama zaidi ya karibu mita tatu. Basi upana wa chumba umepangwa na mti, urefu umepangwa na uwezo wa mwenye nyumba. Ukiingia nyumba yoyote ya mtaa wetu wa Mkomani, nyoosha mikono, utaona vyumba vyote vinalingana upana, cha tajiri na cha mtu wa wastani.

Kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, naomba nikae kidogo. Ukuta wa mwisho wa ndani, katika nyumba zilizojengwa karne ya 18 mji ulipokuwa katika neema yake, umejaa zidaka kutoka chini mpaka karibu na boriti, safu juu ya safu. Tazama kimoja kwa karibu. Upinde wake wa juu umekatwa kwa kisu kwenye chokaa ambayo haijakauka bado, kwa hiyo fundi alikuwa na saa chache tu za kumaliza kabla haijawa ngumu. Ukingo una meno madogo madogo, kila jino na kivuli chake. Ukipitisha kidole unahisi mahali mkono wake ulipobonyeza zaidi. Humo ziliwekwa kauri za China na sahani zilizoletwa na majahazi ya kaskazi, misahafu, vyombo vya manukato. Na kwa kuwa ukuta huo unakabiliana na kiwanda, nuru ile ndogo inayofika ndani inaupiga ukuta mweupe, inavunjika kwenye vishimo vyote vile na kurudi chumbani ikiwa laini. Fundi alikijua chumba kwamba ni cha giza, akaufanya ukuta uwe taa. Washairi wa visiwa vyetu walipotaka kuonyesha jinsi dunia inavyopita, walizitazama nyumba za Pate zilizobomoka na zidaka zake zilizokosa sahani. Walijua nini hasa kilikuwa kimepotea.

Na chooni nako kuna birika la maji la chokaa. Katika nyumba nyingi, ukichungulia chini ya maji utakuta sahani au bakuli la kauri limejengewa kwenye sakafu ya birika, na samaki wadogo wanaoogelea humo kula viluwiluwi vya mbu. Mtoto wa Lamu hashangai, ameyaona tangu anapewa maji kwa kata. Lakini nimekwisha kuona mabirika matatu yakivunjwa ili kuweka tangi la plastiki, na katika nyumba hizo hakuna aliyeokota sahani.

Turudi kwa binti. Desturi ya hapa, mnaijua, ilikuwa mtoto wa kike akiolewa haondoki. Mume ndiye anayehamia. Baba alimpa binti yake nyumba, au ghorofa, au akamjengea juu ya nyumba iliyopo. Alipokuwa na mabinti wawili na nafasi hakuna, alinunua upande wa pili wa kichochoro, na juu ya kichochoro likajengwa wikio, chumba kinachovuka njia kutoka ukuta hadi ukuta. Sisi watu wa chini tunapita kivulini, na juu yetu dada anakwenda kwa dada yake kuomba chumvi bila kuvaa buibui. Ukiona wikio, ujue hapo palikuwa na familia moja pande zote mbili. Ndiyo maana huwaambia vijana wanaopima mji kwamba wikio ni sehemu ya nasaba, wasiichore kama daraja tu.

Kisheria jambo hili lilifanywaje? Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na nyumba inayoachwa bila mpango hugawanywa kwa mafungu. Wazee hawakupingana na sheria ya Mwenyezi Mungu. Walitumia hiba. Mtu akiwa hai, mzima, anayo haki ya kutoa mali yake na kuikabidhi, na ikikabidhiwa imetoka katika mirathi. Wengine waliweka wakfu. Kwa njia hizo mbili nyumba ilibaki nzima, kizazi baada ya kizazi, mikononi mwa wanawake, katika zama ambazo sehemu nyingi za dunia mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kumiliki hata shamba. Hili kwangu ni kubwa kuliko nakshi. Nyumba zetu ni ushahidi wa mawe kwamba wanawake wa mji huu walikuwa na mali, na mali yenyewe ilikuwa mji.

Lakini siwezi kuusema utukufu huo nikanyamaza upande wa pili. Mwanamke yule aliyekaa ndani, aliweza kukaa ndani kwa sababu kulikuwa na mwanamke mwingine, asiye na nyumba wala ndani, aliyetoka nje kwa niaba yake. Aliyeteka maji, aliyekwenda sokoni, aliyelala chini wakati mabwana wako juu. Mawe yalichimbwa, chokaa ikachomwa, boriti zikabebwa mabegani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Utajiri ulionunua kauri ulitoka katika mashamba ya bara waliyoyalima wao. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sayyid Barghash mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa katika pwani hii mwaka 1907. Baada ya hapo mji ulififia, na nyumba nyingi za mawe zilianza kubomoka kwa sababu waliozitengeneza bila malipo hawakuwa tena chini ya amri ya mtu. Vizazi vyao wapo, ni majirani zetu, ni ndugu zetu, wengine wako hapa usiku huu. Kibao kinachosema nyumba hii ilijengwa na ukoo fulani kinasema nusu ya habari. Mimi siridhiki nacho, na naomba nanyi msiridhike.

Sasa hali ya leo.

Mzee anafariki bila hiba na bila wosia. Warithi wako Mombasa, Nairobi, Jeddah, Muscat, Toronto. Kila mmoja ana fungu lake, hakuna anayeweza kulinunua la mwenzake, na aliyebaki Lamu, mara nyingi dada, ndiye anayekaa chini ya dari inayovuja akisubiri wengine wakubaliane. Ama wanaukata msana kwa ukuta wa tofali, huyu achukue huku na yule kule, na hewa ya kiwanda inakufa. Ama wanauza. Silaumu anayeuza. Dari ikianza kuanguka juu ya watoto, hotuba kama hii haiwasaidii. Tangu miaka ya 1990 wageni wengi wamenunua hapa mjini na Shela, na niwe mkweli, baadhi yao wamezitunza nyumba vizuri kuliko tulivyozitunza sisi. Wameajiri mafundi wetu, wamelipia chokaa, wamerudisha zidaka. Ila nyumba inayokaliwa majuma machache kwa mwaka na kufungwa miezi iliyobaki hupoteza watu wake. Barazani hakuna mtu. Wikio limezibwa. Nyumba kumi za namna hiyo mfululizo, na mtaa umekuwa picha.

Halafu kuna milango. Sheria ya Kenya inalinda kila mlango na fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Kuutoa nje ya nchi kunataka kibali. Wengi hawalijui hili, na anayejua zaidi kuliko sote ni yule anayekuja na pesa taslimu mwenye nyumba akiwa na mgonjwa hospitali. Mkifikiwa na mtu wa namna hiyo, msimjibu siku hiyo. Nendeni mkaulize ofisi ya makumbusho kwanza.

Na saruji. Juzi juzi niliitwa nyumba moja ambayo mwenyewe, mama wa makamo, alilalamika kwamba rangi haishiki. Kila mwaka anapaka, kila mwaka inadondoka. Ukuta ulikuwa umepigwa plasta ya saruji, nzuri, imenyooka. Tukabandua kipande. Jiwe la nyuma lilikuwa limelowa kana kwamba mvua imenyesha usiku ule. Chumvi imetoka, nyeupe, inabaki kwenye vidole. Tukafuata unyevu mpaka juu kwenye boriti, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vilikuwa vimelainika. Bisibisi iliingia mpaka mpini. Kwa chini ukiitazama boriti ilikuwa nyekundu, imara, imepakwa rangi vizuri. Mama yule alikuwa akilala chini yake na wajukuu.

Matumbawe yana vinyweleo, yanavuta maji ya ardhi na chumvi ya bahari. Chokaa inayaachia maji hayo yatoke, ukuta unakauka. Saruji inayafungia, yanapanda juu kutafuta njia, na njia yanayoipata ni boriti. Hivyo tu. Fundi aliyepiga saruji hakuwa na nia mbaya. Saruji iko dukani leo, inakauka leo, na analipwa leo. Chokaa inataka mawe yachomwe, izimwe kwa maji, iachwe itulie kwa miezi, ipigwe kwa mikono inayojua. Mawe yenyewe bado yanachimbwa Manda, pale Maweni, ng'ambo ya maji tu. Boriti nazo ni za kwetu: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Serikali ilipositisha ukataji wa miti mwaka 2018, mikoko ikaingia humo, na wakataji wetu walikaa bila kazi huku nasi tukikosa boriti za kubadilisha zilizooza. Nadhani wanaopanga mambo ya misitu na wanaopanga mambo ya urithi walipaswa kukaa meza moja kabla ya uamuzi ule. Mti mmoja uliokatwa kwa kipimo, mahali pa kipimo, unabeba dari kwa miaka mingi sana.

Kwa hiyo ninaomba nini? Wazee wenye nyumba, kama nia yenu ni nyumba ibaki nzima, fanyeni hiba sasa mkiwa hai, mbele ya mashahidi, kwa maandishi, na mkabidhi kweli. Nia iliyobaki moyoni haitambuliwi mahakamani. Kadhi yuko, mwendeeni. Wenye wana wa kiume, zungumzeni nao mapema, wapewe kingine, wasije wakahisi wamenyang'anywa. Warithi mliokwisha kurithi pamoja, mpeni yule anayekaa ndani ya nyumba madaraka ya kuitengeneza, kwa karatasi, ili fundi akija asiambiwe asubiri simu kutoka Toronto. Na yeyote anayetaka kuvunja ukuta, hata kama ni ukuta wa choo, aupime na kuupiga picha kwanza. Miaka ya 1970 msanifu majengo Usam Ghaidan alizipima nyumba za mji huu, na michoro ya zama zile ndiyo imetuwezesha mafundi wa leo kurudisha mengi ambayo tusingeyajua. Alifanya kazi kubwa. Lakini nyumba alizozipima hazikuwa zote, na nyingi zimebadilika tangu hapo.

Pamoja na vipimo tuandike majina. Nani alipewa nyumba hii na nani, binti wa nani, na aliyeishi chini alikuwa nani, aliyechoma chokaa alikuwa nani, kama jina lake linakumbukwa. Mabibi ndio wanaoyajua haya. Wazee wa kiume nimewauliza sana. Wanaijua vizuri nasaba ya akina baba, lakini wakifika kwenye nani alilala chumba gani wananiambia kamuulize mama yako.

Kesho baada ya Alasiri tunaanza na nyumba mbili za Mkomani ambazo wenyewe wamekubali. Tepe za kupimia, karatasi na penseli nimeleta. Nahitaji vijana, na hasa nahitaji wasichana, kwa sababu katika nyumba mojawapo mwenye nyumba ameniambia wazi kwamba mimi na wavulana wangu mwisho wetu ni msana wa tini. Ndani atawafungulia wao tu, na yeye mwenyewe atakaa nao kuwaambia. Wenye nia waandike majina kwa dada aliyekaa karibu na mlango kabla hawajaondoka.